Jinsi Kuvu ya Viwavi Ilivyokubali Kuzaa Chupani

Mwaka 1895 kituo cha utafiti wa kilimo cha Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York, kilichapisha kijitabu chake namba 97. Mwandishi, Rufus Pettit, alikuwa amefanya kazi ambayo wachache wa zama zake waliijali: alichukua kuvu zinazoua wadudu akaziotesha nje ya miili ya wadudu hao, ndani ya vyombo vya maabara. Kuvu zilikubali kuota. Lakini kuota ni jambo moja na kuzaa ni jingine. Utando mweupe unaweza kutanda chupa nzima, ukanawiri, kisha ukakaa hivyohivyo mpaka ukauke bila kutoa hata uyoga mmoja. Karne moja na ziada ilipita tangu kijitabu hicho kabla ya mtu kuonyesha kwa ushahidi kwa nini chupa hii inazaa na jirani yake, yenye chakula kilekile na joto lilelile, haizai.

Watu waliolikabili swali hilo walikuwa na akili na subira. Kwa miaka mingi walitafuta jibu kwenye chakula, kwenye joto na kwenye unyevu. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye ukoo.

Kuvu tunayoizungumzia inaitwa kitaalamu Cordyceps militaris, na hapa nitaiita kuvu ya viwavi. Inaota Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Spora yake ikimwangukia kiwavi wa nondo, au ikiliangukia bundo, yaani ile hatua ya kujifunga kabla nondo hajatoka, humea juu ya ngozi na kuitoboa kwa vimeng'enya na kwa msukumo wake mwenyewe. Ikishaingia kwenye damu hujigawa katika vijipande vinavyozidi kuongezeka mpaka mdudu anakufa. Kisha nyuzi zake huujaza mwili wote, nao hukakamaa bila kuoza. Majira yakiwadia, kijiti cha rangi ya machungwa chenye urefu wa sentimita chache huchomoza kutoka kwenye udongo au majani makavu, kichwa chake kimejaa vipele. Kila kipele ni mdomo wa kifuko. Ndani ya kifuko mna mirija, na katika kila mrija mna spora nane ndefu na nyembamba, ambazo huvunjika vipandevipande. Kijiti hicho ndicho uyoga ambao mkulima anautaka. Kwa kuvu yenyewe, ni mahali pa kuzalia.

Wazungu walikiona kijiti hicho zamani bila kuelewa kimetoka wapi. Sébastien Vaillant alikiweka katika kitabu chake cha mimea ya Paris, kilichochapishwa mwaka 1727, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Linnaeus alikipa jina mwaka 1753 katika orodha yake kubwa ya mimea, kwa maana wakati huo kuvu zote zilihesabiwa kuwa mimea. Mwaka 1726, mjini humohumo Paris, mwanasayansi Réaumur alikuwa amewaonyesha wenzake wa Akademia ya Sayansi ndugu wa kuvu hii kutoka mbali: viwavi wakavu wenye kijiti kichwani, waliotumwa kutoka China na padri Mjesuiti Dominique Parrenin. Hao walikuwa viwavi wa nyanda za juu za Tibet, ambako waganga walikuwa na habari zao kwa vizazi. Mganga Zurkar Nyamnyi Dorje, aliyeishi kati ya mwaka 1439 na 1475, aliandika juu ya dawa hiyo, na mwaka 1694 ilitajwa katika kitabu cha dawa cha Wang Ang huko China. Kwa watu wengi wa nyakati hizo maelezo yalikuwa kwamba mnyama hugeuka mmea, akawa mdudu wakati wa baridi na jani wakati wa joto.

Aliyeanza kulivunja fumbo hilo alikuwa akifuatilia hasara ya wafugaji. Katika Lombardia, kaskazini mwa Italia, ugonjwa ulikuwa ukiwamaliza viwavi wa hariri, ukiwaacha wakavu na wamefunikwa unga mweupe kama chokaa. Agostino Bassi wa Lodi alichunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi, na mwaka 1835 akatangaza kwamba unasababishwa na kiumbe hai kidogo sana, kuvu, kinachohama kutoka kwa kiwavi mgonjwa hadi mzima. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa kwamba kiumbe kidogo namna hiyo kinaweza kumletea mnyama ugonjwa, na Pasteur alikuwa bado mtoto wa shule. Kuvu ile leo inaitwa Beauveria bassiana kwa heshima yake. Msomaji alishike jina hilo, maana tutalirudia. Miaka 30 na kitu baadaye Mjerumani Anton de Bary aliifuata kuvu ya viwavi yenyewe hatua kwa hatua, kutoka spora hadi ndani ya damu ya kiwavi. Habari ya mnyama kugeuka mmea ikaisha hapo.

Kujua jinsi kuvu inavyoua kulikuwa hatua moja. Kuifanya izae kwa amri ya mtu kulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1936 Leland Shanor alichapisha huko North Carolina makala iliyoeleza jinsi alivyopata vifuko vilivyokomaa vya kuvu ya viwavi ndani ya maabara. Mwaka 1941 Mjapani Yosio Kobayasi alitoa kitabu kikubwa kilichopanga spishi zote za jamii hii zilizokuwa zikijulikana duniani, na kwa miongo mingi baadaye hakuna mtafiti wa kuvu hizi aliyefanya kazi bila kukifungua. Afrika nayo ina ukurasa wake: mwaka 1949 J. Moureau alichapisha uchunguzi wa spishi za jamii hii zilizokusanywa katika Kongo ya Ubelgiji, na misitu ile ilionekana kuwa na utajiri wake wa kuvu zinazokula wadudu. Mwaka 1968 M. A. Basith na M. F. Madelin walichapisha utafiti mpana juu ya mazingira yanayoifanya kuvu ya viwavi itoe vijiti vyenye vifuko katika vyombo vya maabara.

Kutokana na kazi za aina hiyo, kidogo kidogo ukajengeka ujuzi ambao wakulima wanautumia hadi leo. Mchele au ngano hutiwa chupani pamoja na maji yenye sukari, protini, chumvi za potasiamu na magnesi, wakati mwingine na unga wa mabundo ya hariri. Chupa hupikwa kwenye mvuke wa presha ili kuua kila kijidudu. Kuvu hutiwa ikiwa katika hali ya majimaji ili itapakae upesi. Siku za mwanzo chupa hukaa gizani mpaka nyuzi zishike chakula chote, kisha huwekwa kwenye mwanga, kwa joto la nyuzi 20 hivi, na hewa safi iruhusiwe kuingia. Mwanga una kazi kubwa hapa. Kuvu hii haitumii mwanga kujitengenezea chakula kama jani linavyofanya, lakini ina protini zinazouhisi, hasa mwanga wa buluu, na bila ishara hiyo nyuzi hubaki nyeupe na vijiti huchelewa au havitoki kabisa. Ikipata mwanga, hugeuka manjano na kisha rangi ya machungwa kwa karotini inayojitengenezea.

Mapishi hayo yaliboreshwa mwaka baada ya mwaka. Watafiti walipima sukari ya aina hii na ile, wakabadilisha nafaka, wakaongeza vitamini, wakapunguza maji. Walishika njia ya methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na kila maabara ilikuwa na kilio kilekile: nasaba, yaani ukoo mmoja wa kuvu, iliyozaa vizuri msimu uliopita imegoma msimu huu. Kilio hicho kilipozidi, walirudi tena kwenye sufuria.

Wakati huohuo hamu ya dunia kwa kuvu hizi ilikuwa inapanda. Mwaka 1950 wakemia wa Uingereza, Cunningham na wenzake, walitangaza kwamba wamepata kutoka kwenye kuvu ya viwavi dutu waliyoiita kodisepini. Baadaye ilijulikana kwamba molekuli yake inafanana na mojawapo ya matofali ya RNA, ila imepungukiwa oksijeni mahali pamoja, hivyo seli ikiitumia kwa kudanganyika mnyororo wa RNA hukatika. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz ya Uswisi alichota udongo kwenye uwanda wa Hardangervidda nchini Norwei. Kuvu iliyopatikana humo, ambayo udugu wake na kuvu za wadudu ulijulikana baadaye sana, ilitoa siklosporini, dawa inayotuliza kinga ya mwili, na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983. Kupandikiza figo, ini na moyo kukawa na matumaini ambayo hayakuwapo kabla.

Kisha ukaja mwaka 1993, ambao wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki wanaukumbuka vizuri. Katika mashindano ya dunia ya Stuttgart, msichana wa Kenya Sally Barsosio, akiwa na umri wa miaka 15, alichukua shaba ya mita 10,000 nyuma ya Wachina wawili, Wang Junxia na Zhong Huandi. Mwezi uliofuata, mjini Beijing, Wang alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29:31.78, rekodi iliyodumu mpaka Mwethiopia Almaz Ayana alipoivunja Rio mwaka 2016. Kocha Ma Junren aliwaambia waandishi kwamba siri ilikuwa mazoezi makali, damu ya kasa na kuvu ya viwavi wa Tibet. Dunia ilikuwa na mashaka tangu mwanzo, na mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vilichapisha barua iliyosemekana kusainiwa na wanariadha wa kundi hilo, ikieleza kwamba walipewa dawa zilizokatazwa. Maneno ya kocha yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake. Jina la kuvu lilienea kila mahali, na bei ya viwavi wa Tibet ikaendelea kupanda hadi vipande bora vikawa vinalinganishwa na dhahabu kwa uzito. Kuhusu nguvu zake mwilini, naamini ni haki kumwambia msomaji wazi kwamba majaribio yaliyofanywa kwa binadamu hayatoshi kuthibitisha mengi ya yale yanayotangazwa madukani, na mgonjwa asiache matibabu ya hospitali kwa ajili yake.

Kuvu ya Tibet ilikuwa ghali na ngumu kuotesha. Macho yakageukia kwa ndugu yake wa rangi ya machungwa, ambaye angalau alikubali mchele. Hapo ndipo suala la kuzaa kwa uhakika likawa suala la pesa. Mkulima mwenye chupa elfu tano akikosa uyoga katika nusu yake, amepata hasara.

Jibu lilitoka Korea Kusini. Katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Kangwon, mjini Chuncheon, Profesa Sung Jae-Mo alikuwa amejenga hazina kubwa ya kuvu za wadudu. Yeye na wanafunzi wake walipita milimani wakiinama na kufukua kila kijiti, wakakirudisha maabara pamoja na mdudu wake. Nadhani hapo ndipo walipowapita waliotangulia. Wengine walikuwa na nasaba chache walizozilea kwa miaka. Wakorea walikuwa na ukoo mzima mbele yao, wakaweza kulinganisha. Waliona kwamba kwa chakula kilekile nasaba moja huzaa na nyingine haizai, na kwamba hata sampuli zilizotoka kwenye uyoga mmoja hutofautiana. Sufuria haikuweza kueleza hilo.

Mwaka 2004 Bhushan Shrestha, mtafiti kutoka Nepal aliyekuwa akifanya kazi na Sung, alichapisha pamoja naye, Gi-Ho Sung, John Spatafora wa Marekani na mwenzao mwingine makala iliyofunga mjadala wa muda mrefu. Kazi ya aina hii huhitaji mikono mitulivu. Kijiti kilichokomaa huning'inizwa juu ya sahani ya agari, nacho hurusha spora zake chini. Chini ya darubini mtafiti huokota spora moja moja kwa ncha ya sindano na kuihamishia kwenye sahani yake yenyewe, ili kila utando unaoota uwe umetokana na spora moja tu. Kisha tando hizo huoteshwa peke yake, na baadaye huchanganywa mbili mbili katika kila mpangilio unaowezekana.

Matokeo yalijipanga pande mbili. Spora za uyoga mmoja ziligawanyika katika makundi mawili yenye wingi unaokaribiana. Wa kundi moja wakikutanishwa wao kwa wao, hawakutoa vijiti vyenye vifuko vya spora. Wa kundi hili wakikutanishwa na wa kundi lile, chupa ilijaa vijiti virefu vyenye vipele. Kuvu ya viwavi ina pande mbili za kuoana, zinazotawaliwa na sehemu moja ya jenomu, na uzazi kamili unahitaji pande zote mbili ziwepo. Chakula, mwanga na joto huamua kama ndoa itastawi. Haviwezi kumleta mwenzi asiyekuwepo.

Ukilitazama jambo hili baada ya kulijua, vituko vya miaka mingi vinaeleweka. Mkulima aliyekata kipande cha ndani cha uyoga na kukiotesha alipata mchanganyiko wa pande zote mbili bila kujua, na chupa zake zilizaa. Aliyeanzia na spora moja, au na vumbi la spora zisizo za ndoa ambazo kila moja hubeba upande mmoja, aliotesha mjane. Na hata yule wa kwanza hakuwa salama. Utando wenye pande mbili ukihamishwa kutoka sahani hadi sahani, mara nyingi upande mmoja hukua upesi kuliko mwenzake. Kila mhamisho hukata kipande cha ukingoni, palipo na wenye mbio, na baada ya mihamisho kadhaa upande wa pili huweza kupotea kabisa. Kwa macho utando ni uleule, labda hata umenawiri zaidi. Ndivyo nasaba ya jana ilivyokuwa ikigoma leo.

Kuchoka kwa nasaba kuna sababu nyingine pia. Watafiti wameona mabadiliko ya jeni yanayojilimbikiza, madhara ya oksijeni kali ndani ya seli, na mabadiliko ya namna jeni zinavyofungwa na kufunguliwa. Dalili zake wakulima wanazijua: utando unakuwa mweupe na wa pamba, rangi haiji hata kwenye mwanga, vijiti vinakuwa vifupi na vichache. Dawa inayotumika ni kutouzungusha utando uleule bila mwisho. Mfugaji huhifadhi mbegu yake ya mwanzo kwenye baridi kali, hutumia vizazi vichache tu kutoka kwayo, na kila inapobidi hurudi kwenye spora za ndoa na kuanza upya, au huipitisha kuvu ndani ya mdudu hai na kuitoa tena.

Mtu anaweza kuuliza mbona sisi wa Afrika Mashariki tumezitumia kuvu za jamii hii bila taabu zote hizo. Mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyizia kuvu ya Metarhizium dhidi ya nzige wekundu nchini Tanzania, katika nyanda za Iku-Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, na kituo cha icipe cha Nairobi kimeotesha kuvu za aina hiyo dhidi ya wadudu wa mazao. Lakini kazi hiyo inataka vumbi la spora zisizo za ndoa, ambazo kuvu huzitoa kwa wingi ikiwa peke yake juu ya mchele. Kuua nzige hakuhitaji mwenzi. Kutoa uyoga kamili kunahitaji.

Hali hiyo ya kuweza kuishi miaka mingi bila ndoa ndiyo iliyozificha kuvu nyingi za jamii hii. Beauveria ya Bassi ilijulikana duniani kote kwa vumbi lake jeupe tangu mwaka 1835, na ilichukua hadi mwaka 2001 ndipo Li Zengzhi na wenzake huko China walipoonyesha umbo lake la uzazi: ni kijiti kinachotoka kwenye mdudu, cha jamii ileile ya Cordyceps. Mwaka 2006 Sung na wenzake waliripoti kukiotesha kijiti hicho maabara. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kuvu ya siklosporini. Watu waliipika viwandani kwa miaka bila kujua kwao ni wapi, mpaka mwaka 1996 Kathie Hodge na wenzake wa Cornell walipoonyesha kwamba ni umbo lisilo la ndoa la kuvu inayotoka kwenye buu wa mbawakawa. Nafurahi kwamba habari hiyo ilitoka katika chuo kilekile cha Pettit. Wagonjwa wengi wenye figo za kupandikizwa wanaishi kwa sababu ya kiumbe kilichozoea kumla buu, na sidhani kama kuna habari ya kuvu inayonigusa kuliko hiyo.

Baada ya mwaka 2004 kazi ikageuka kuwa ya mfugaji wa mbegu, sawa na ile ya anayetengeneza mahindi chotara: kuweka wazazi mbali, kuwachagua, kisha kuwakutanisha kwa makusudi. Mwaka 2006 kundi la Sung lilichapisha matokeo ya kuchagua nasaba bora kwa wingi wa uyoga. Hawakuhitaji tena kubahatisha. Kila spora moja ilipewa namba, upande wake ukajulikana, na jozi zilizozaa vizuri zikatunzwa zikiwa mbalimbali, zisiungane mpaka siku ya kupandwa. Watoto wa jozi bora nao waliokotwa spora moja moja na kujaribiwa. Kizazi baada ya kizazi unaweza kuchagua urefu wa vijiti, wepesi wa kutoka, usawa wa chupa na chupa, hata wingi wa kodisepini, ambao wafugaji wengine wa Korea waliufuatilia baadaye kwa njia hiyohiyo.

Mwaka 2011 Peng Zheng, Wang Chengshu na wenzao wa Shanghai walisoma jenomu yote ya kuvu ya viwavi. Ina herufi zipatazo milioni 32 na jeni 9,684 kwa hesabu yao. Walithibitisha kwamba inahitaji pande mbili kwa uzazi kamili, lakini waliongeza jambo la kushangaza: nasaba ya upande mmoja inaweza wakati mwingine kutoa kijiti peke yake. Kijiti hicho hakina vifuko, hakina spora, hakina watoto. Kwa mnunuzi anayeangalia rangi na urefu tu, ni uyoga halali. Kwa mfugaji ni mwisho wa njia, kwa kuwa hakuna kitu cha kuokota kwa ajili ya kizazi kijacho. Ujuzi wa jeni umeleta pia faida ya kila siku. Kipimo cha PCR kinachotafuta jeni za MAT1-1 na MAT1-2, zinazotambulisha pande hizo mbili, humweleza mfugaji kwa muda mfupi kama sahani yake ina upande mmoja au zote mbili, jambo ambalo zamani angelisubiri wiki kadhaa mpaka chupa zizae au zikatae.

Ujuzi huu haukubaki vyuoni. China iliikubali kuvu ya viwavi kuwa chakula kipya mwaka 2009, na uyoga wake mkavu wa rangi ya machungwa sasa huuzwa masokoni huko kwa ajili ya supu. Mabundo ya hariri, mabaki ya viwanda vya nyuzi, yamepata kazi ya pili ya kulishia kuvu, katika nchi ambazo kwa karne nyingi mfugaji wa hariri aliogopa kuvu kuliko kitu kingine. Marekani, wakulima wadogo kama William Padilla-Brown wa Pennsylvania waliokota kuvu hii katika misitu ya kwao, wakajifunza kuiotesha, wakaandika vitabu vya kuwafundisha wengine, na sasa hubadilishana nasaba kama wakulima wanavyobadilishana mbegu.

Kuvu ya Tibet ndiyo iliyokuwa ya mwisho kukubali. Tangu mwaka 2007 inaitwa Ophiocordyceps sinensis, baada ya Gi-Ho Sung na wenzake kuipanga upya jamii nzima na kuonyesha kwamba udugu wake na ile ya rangi ya machungwa si wa karibu kama ilivyodhaniwa. Ndoa yake nayo ni tofauti. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba jenomu yake moja hubeba pande zote mbili na inaweza kujioa yenyewe. Kwa hiyo mwenzi si tatizo, na kumtafutia mwenzi hakusaidii. Tatizo lake ni mdudu. Inamtaka kiwavi wa nondo wa milimani anayeishi chini ya udongo kwa miaka, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hadi 5,000, katika baridi ambayo tambarare haina. Kampuni moja ya Guangdong ilifanikiwa kuizalisha kwa wingi kuanzia mwaka 2014 kwa kufuga nondo wenyewe kwanza, kuwaambukiza viwavi wao, kisha kuwaweka katika vyumba vya baridi vinavyofuata majira ya mlimani.

Huko milimani kwenyewe familia za wachimbaji zimeitegemea kuvu hiyo kwa sehemu kubwa ya fedha zao za mwaka. Nepal iliruhusu uchimbaji wake mwaka 2001, na mwaka 2020 shirika la IUCN liliiweka katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Wafugaji wa Guangdong wakitaka kiwavi bora inawalazimu kuchagua mara mbili, kuvu inayoambukiza vizuri na nondo anayekubali kufugwa, na kizazi kimoja cha kazi hiyo bado kinachukua miezi mingi, wakati mfugaji wa kuvu ya rangi ya machungwa anaweza kukutanisha jozi mpya leo na kuhesabu vijiti vyake kabla ya miezi miwili kwisha.